Wasabi ya unga inakufa ukali kabla wateja hawajafika: kosa ni maji, ni unga, au si wasabi kabisa?

#1 Kisu Butu
Wakuu salaam. Swali la jikoni. Unga wa wasabi wa kopo, ule wa kijani, unachanganywa saa kumi alasiri. Saa kumi na moja unapiga pua vizuri. Ikifika saa mbili usiku, sahani za jodari mbichi zikianza kutoka, imebaki rangi tu, na ukiuonja una uchungu kidogo na harufu ya kitunguu saumu kilicholala. Kipimo: vijiko viwili vya unga kwa viwili vya maji, bakuli linafunikwa na plastiki, linaingia kwenye friji. Kopo limefunguliwa miezi kadhaa. Kosa liko wapi?

#2 Haradali Nyeusi
Hakuna kosa, ndivyo ulivyo. Ukali haumo ndani ya unga, unazaliwa ukitia maji. Ndani ya mmea kuna vitu viwili vinavyokaa mbalimbali: sinigrini, ambayo peke yake haina ukali, na kimeng'enya kinachoitwa mirosinasi. Ukikwangua, ukitafuna au ukilowesha unga, vinakutana na kuzaa alili isothiosianeti. Hiyo ndiyo inayopanda puani. Ni kitu chepesi, kinaruka hewani, ndiyo maana pilipili inachoma ulimi na wasabi inachoma pua. Kilele chake ni kama dakika 5 hadi 10 baada ya kulowesha. Kutoka hapo unashuka mlima tu. Changanya kidogo kidogo, kila nusu saa, basi.

#3 Mzee wa Kaunta
Kabla ya kemia, tukubaliane jambo moja: hiyo siyo wasabi. Geuza kopo usome nyuma. Utakuta figili kali ya Kizungu (Armoracia rusticana), unga wa haradali, wanga, na rangi E102 na E133. Njano na bluu, ukichanganya unapata kijani cha jezi. Wasabi halisi ikikwanguliwa ina kijani kilichopauka, kama parachichi karibu na kokwa.

#4 Kisu Butu
#3 nimegeuza. Ni figili hiyo, haradali, wanga wa mahindi na hizo E zako zote mbili. Neno wasabi liko mbele tu, kwa herufi kubwa.

#5 Bi Figili
Mzee wa Kaunta yuko sahihi, ila kwa swali la #1 haibadilishi kitu sana. Wasabi (Eutrema japonicum), figili ya Kizungu, haradali nyeusi, kabichi na sukuma wiki ni ukoo mmoja, na hizo tatu za kwanza ukali wake mkuu ni uleule, alili isothiosianeti. Tofauti ya wasabi halisi iko kwenye binamu zake wa ziada, hasa ile wanayoifupisha 6-MSITC na wenzake wenye harufu ya majani mabichi na utamu kidogo. Hayo figili haina, au inayo kwa chembe tu. Kwa hiyo unga wako utachoma, lakini hautanukia kijani.

Nyongeza moja. Ikiwa haradali iliyomo ni ile nyeupe (ambayo mbegu zake ni za njano), hiyo ina sinalbini badala ya sinigrini. Ukali unaotoka hapo hauruki hewani, unakaa ulimini. Kopo likiwa na haradali nyeupe nyingi utasikia mdomo unawaka na pua imelala. Wengi wanadhani unga umeharibika kumbe ndiyo asili yake.

#6 Pweza Mkavu
Tumieni maji ya moto nyie. Unga unafunguka vizuri na ukali unatoka wote kwa mpigo.

#7 Haradali Nyeusi
#6 usimpoteze mwenzio. Maji yanayochemka yanaua mirosinasi, na mirosinasi ikifa hakuna ukali utakaozaliwa tena hata ukisubiri mpaka alfajiri. Jaribu kwenye vibakuli viwili, kijiko kimoja cha unga kila kimoja, kimoja maji ya bomba, kingine maji ya birika. Funika dakika 10. Cha birika kitakuwa uji wa kijani wenye uchungu.

#8 Mama Tangawizi
Ya birika hapana, lakini ya uvuguvugu ndiyo. Kwa unga wa haradali, Wajapani wenyewe (wanaiita karashi) huchukua maji ya kama nyuzi 40, kimeng'enya kinachangamka. Sasa kama kopo la #1 nusu yake ni haradali, kwa nini tung'ang'anie maji baridi?

#9 Haradali Nyeusi
Kwa sababu uvuguvugu unaharakisha yote mawili, kuzaliwa na kukimbia. Unafika kileleni mapema, unaporomoka mapema. Kwa mtu anayehudumia saa nne mfululizo hiyo ni hasara.

#10 Mama Tangawizi
Na kwa anayehudumia watu sita mezani kwa mkupuo mmoja ni faida. Tusipitishe sheria moja kwa jiko zote.

#11 Fundi Maabara
Naomba niingilie hapa maana mnalaumu hewa tu. Kuruka hewani ni nusu ya habari. Alili isothiosianeti ikikaa ndani ya maji inavunjika yenyewe, na miongoni mwa yanayotoka kuna misombo ya salfa yenye harufu ya kitunguu saumu. Ile harufu ya "kitunguu saumu kilicholala" aliyoisema #1 ndiyo ushahidi. Kama ukali ungekuwa umeruka tu, bakuli lingebaki bila harufu, lisingebadilika harufu.

Na ndiyo sababu plastiki haikumsaidia. Ulizuia mlango, lakini mwizi alikuwa ndani.

Kinachopunguza kuvunjika ni baridi na uchachu. Tyubu za dukani zina asidi ya sitriki au vitamini C, pamoja na mafuta kidogo, sukari au sorbitoli, na gundi ya zanthani ya kushika maji. Wameufunga ukali usitoke na usivunjike haraka. Unga wako na maji matupu havina kinga hiyo.

#12 Kisu Butu
Fundi, kwa hiyo nikitia siki au ndimu?

#13 Fundi Maabara
Muda ndio wenyewe. Siki inasimamisha kimeng'enya. Ukitia siki mwanzoni pamoja na maji, unazima moto kabla haujashika, utapata kitu laini. Ukisubiri ukali ufike kileleni halafu ndipo utie, unaushikilia hapohapo. Wanaosindika figili ya Kizungu kwenye chupa wanajua hesabu hii: wanaotaka kali husubiri kama dakika 3 baada ya kusaga ndipo wamwage siki, wanaotaka laini humwaga papo hapo.

Kwa vijiko viwili vya unga, subiri dakika 8, kisha robo kijiko cha chai cha siki ya mchele au ndimu. Usizidishe, sivyo utapata achari.

#14 Mzee wa Kaunta
Siki kwenye wasabi ya sashimi (samaki mbichi)? Mungu atusamehe.

#15 Bi Figili
Mzee, umeshakula ya tyubu yenye sitriki na hukulalamika.

#16 Msafiri wa Nagoya
Salaam wana jukwaa. Kwa unga, jinsi wanavyofanya kwenye maduka ya soba (tambi za Kijapani) ni hivi. Bakuli dogo lenye kina, unga kijiko kimoja kwa maji baridi kijiko kimoja, lakini maji yanaingia mara tatu, sio yote. Unakoroga kwa vijiti kwa nguvu mpaka rojo iwe ngumu kiasi cha kushika ukutani mwa bakuli. Unaisambaza kwenye kitako na kuta, halafu unalipindua bakuli lenyewe kifudifudi juu ya meza au sahani. Dakika 5 hadi 10. Rojo ikiwa imeshika sawasawa haidondoki. Ikidondoka, maji yamezidi.

Hapo hakuna nafasi ya hewa kubwa juu yake kama ukifunika bakuli pana kwa plastiki. #1, bakuli lako lina upana gani?

#17 Kisu Butu
Pana. La saladi.

#18 Msafiri wa Nagoya
Basi hilo nalo limo. Rojo nyembamba kwenye bakuli pana ni sawa na kuianika.

#19 Pweza Mkavu
Mimi bado nasema unga umezeeka. Kopo la miezi kadhaa kwenye jiko la pwani, unyevu huu wetu wa kwenye kuta! Kila ukifungua, unyevu unaingia, mirosinasi inafanya kazi ndani ya kopo taratibu, mpaka siku unayoihitaji imeshamaliza sinigrini.

#20 Haradali Nyeusi
#19 hapo umeongea. Ila angalia: yeye anasema saa kumi na moja unapiga pua vizuri. Unga uliokufa usingepiga hata hiyo saa kumi na moja.

#21 Pweza Mkavu
Unaweza kuwa nusu mfu.

#22 Mama Tangawizi
Kama daladala za mjini.

#23 Juma Kikwangulio
Achaneni na kopo. Kuna mtu hapa amewahi kushika shina lenyewe? Nataka kujua linakwanguliwaje. Nimeona watu wanaandika "mzizi wa wasabi".

#24 Msafiri wa Nagoya
Si mzizi, ni shina nene linalokaa usawa wa ardhi. Zile kovu za mviringo juu yake ni mahali majani yalipodondokea. Mizizi ni nyuzi zinazotoka pembeni, hizo unapunguza.

Hatua:
Osha kwa brashi laini, usimenye lote. Kata majani sehemu ya juu, kisha chonga kichwa kama unachonga penseli, toa vipele vyeusi tu. Menya kiasi utakachokula sasa, sentimita 2 au 3 zinatosha watu kadhaa. Anza kukwangua upande wa majani. Shina lisimame karibu wima juu ya kikwangulio, zungusha miduara midogo, bila kukandamiza. Wajapani wana msemo kwamba wasabi ikwanguliwe huku unacheka, maana mwenye hasira hukandamiza. Ukikandamiza unapata chengachenga, na seli nyingi zinabaki nzima.

Kikwangulio cha jadi ni kibao kilichobandikwa ngozi ya papa, aina ya papa bapa wanayemwita korozame. Meno yake ni madogo mno, inatoka rojo laini kama losheni. Cha shaba chenye meno makali nacho kipo, kinatoa chembe kubwa zaidi. Hiki cha jibini cha mashimo makubwa hakifai kabisa, unapata vipande kama karoti za kachumbari.

Ukimaliza, kusanya rojo kifungu kimoja, igonge kwa mgongo wa kisu mara kadhaa, iache dakika 2 hadi 3. Kisha kula ndani ya robo saa.

#25 Juma Kikwangulio
Kwa nini upande wa majani?

#26 Msafiri wa Nagoya
Huko ndiko kunakokua, kuna rangi na harufu nzuri zaidi.

#27 Bi Figili
Na kuna sababu ya kivivu: ukikata upande wa chini, kidonda kinaanza kuwa cheusi na kuoza huku upande wa juu bado unaendelea kuchipua na kula akiba. Ukila kutoka juu unaondoa mlaji. Mimi naipa uzito hii kuliko ya harufu.

#28 Fundi Maabara
Wengine wanasema upande wa chini ndio mkali zaidi kwa sababu umekomaa, na wapo wapishi wanaochanganya pande zote mbili. Shina moja halina ukali sawa toka juu hadi chini, na mashina mawili ya kitalu kimoja hayafanani. Ukitaka uhakika, kwangua kidogo kila upande uonje.

#29 Mama Tangawizi
Halafu ile ya kuchovya kichwa kwenye sukari kabla ya kukwangua? Chembe kidogo ya sukari na ukali unaongezeka. Nani anajua kwa nini?

#30 Haradali Nyeusi
Sukari ni mchanga. Chembe zake zinasaidia kusaga seli. Ndiyo hiyo tu.

#31 Bi Figili
Kama ni mchanga, chumvi ya mawe ingefanya hivyohivyo. Nadhani sukari inafunika uchungu, ulimi unausikia ukali bila kelele nyingine.

#32 Fundi Maabara
Kinachojulikana kuichangamsha mirosinasi ni vitamini C, si sukari. Tone la ndimu kwa kipimo kidogo sana linaweza kukuza, likizidi uchachu unazima. Kuhusu sukari, ya #30 na #31 zote zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

#33 Mzee wa Kaunta
Kwa hiyo leo ndimu inakuza na inazima. Kemia ni siasa.

#34 Fundi Maabara
Kipimo, mzee. Hata chumvi.

#35 Shemeji wa Muscat
Salaam aleikum. Naomba niulize kuhusu tyubu za Kijapani. Zipo zilizoandikwa "hon wasabi" na bei zinatofautiana mno. Hon si maana yake halisi? Sasa mbona moja rahisi na nyingine ghali?

#36 Msafiri wa Nagoya
Tazama maneno yanayofuata baada ya hon wasabi. Ikiwa "shiyo", nusu au zaidi ni wasabi halisi. Ikiwa "iri", ipo lakini chini ya nusu. Ni kiwango walichojiwekea wasindikaji wenyewe.

#37 Bi Figili
Sahihisho dogo: hiyo nusu si ya tyubu nzima. Inahesabiwa ndani ya wasabi yote iliyotumika, yaani halisi na figili ya Kizungu kwa pamoja. Maji, sukari, chumvi na mafuta hayahesabiwi. Tyubu ya "shiyo" bado inaweza kuwa na vitu vingine tele.

#38 Shemeji wa Muscat
Ahsanteni. Yangu ni "iri".

#39 Mzee wa Kaunta
Pole shemeji. Na kwa wenye biashara: haradali iko kwenye orodha ya vizio 14 ambavyo Ulaya vinalazimika kutajwa. Mgeni mwenye mzio wa haradali akikuuliza kama wasabi ni salama, usijibu kwa jina lililo mbele ya kopo. Soma nyuma. Baadhi zina wanga wa ngano pia.

#40 Pweza Mkavu
Faida kubwa ya wasabi mmeisahau: inaua minyoo na bakteria wa samaki mbichi. Ndiyo maana Wajapani hawaumwi.

#41 Fundi Maabara
#40 hii lazima ikatwe hapahapa. Mvuke wa alili isothiosianeti unazuia bakteria kweli, Japani kuna hata vikaratasi vya kuweka ndani ya vifungashio vya chakula. Lakini kipande kidogo juu ya samaki, kwa sekunde unazotafuna, hakisafishi kitu. Mnyoo wa anisakisi hafi kwa wasabi, wala kwa siki, wala kwa mchuzi wa soya. Anakufa kwa kugandishwa: nyuzi 20 chini ya sifuri, saa 24 kwa kanuni za Japani na Ulaya, siku 7 kwa Marekani. Na ni katikati ya mnofu kufikie hapo, si ukuta wa friza. Friza nyingi za nyumbani zinaishia 18 chini ya sifuri, na zikifunguliwa mara kwa mara hata hapo hazikai.

Na kwa pwani yetu hatari kubwa ya jodari ni histamini. Jodari aliyekaa kwenye joto baada ya kuvuliwa anatengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kugandisha, kwa kupika wala kwa wasabi. Uso unawaka mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Kinga ni barafu tangu kwenye chombo cha uvuvi.

#42 Kisu Butu
Hii ya histamini naichapisha ukutani.

#43 Juma Kikwangulio
Ikishakupiga puani, unafanyaje?

#44 Mama Tangawizi
Vuta hewa kwa mdomo, toa kwa pua, uisukume nje.

#45 Haradali Nyeusi
Kinyume chake! Mvuke uko mdomoni. Ukitoa pumzi kwa pua unaupitisha palepale panapouma. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo.

#46 Mama Tangawizi
Mvuke ukishafika puani utautoa kwa mdomo vipi?

#47 Mzee wa Kaunta
Mpaka mmalize kubishana imeshapoa. Haifiki dakika. Ndiyo tofauti na pilipili, ile kapsaisini ni ya mafuta, inaganda kinywani.

#48 Fundi Maabara
Na milango ya neva ni tofauti. Kapsaisini inagonga TRPV1, pamoja na joto. Wasabi inagonga TRPA1, ndiyo maana watafiti wanaiita kipokezi cha wasabi. Maabara ya David Julius kule San Francisco ilichapisha habari ya TRPA1 na mafuta ya haradali (yaani alili isothiosianeti) mwaka 2004, na mwaka 2021 Julius akapata Nobel pamoja na Ardem Patapoutian kwa kazi ya vipokezi vya joto na mguso.

Tena kuna fuko wa nyanda za juu za Afrika Kusini ambaye haumwi kabisa na kitu hiki, ilichapishwa mwaka 2019.

#49 Pweza Mkavu
Yule fuko asiye na manyoya wa Kenya na Somalia?

#50 Fundi Maabara
Siye. Yule wa kwetu asiye na manyoya haumwi na asidi wala kapsaisini, lakini wasabi anaisikia kama wewe.

#51 Mzee wa Kaunta
Uzi wa sashimi umeingia mashimoni.

#52 Bwana Shamba Usambara
Habari za jioni. Natoka kwenye mashimo, naleta swali la ardhi. Lushoto, Mufindi, Njombe, na Limuru kwa wenzetu, kuna vijito baridi. Kwa nini hatulimi hii badala ya kununua kopo la rangi?

#53 Msafiri wa Nagoya
Si baridi tu. Maji yanatakiwa yasimame kati ya nyuzi 8 na 18 mwaka mzima, bora 12 hadi 15, safi, yanatembea muda wote na yenye oksijeni. Mkoa wa Shizuoka, Japani, walianzia Utogi, juu ya mto Abe, zaidi ya miaka 400 iliyopita, kisha mwaka 1744 miche ikapelekwa Izu. Kule Izu vitalu vyao ni ngazi mlimani: mawe makubwa chini, juu yake madogo, kisha kokoto, juu kabisa mchanga. Maji yanapita juu na mengine yanachuja kwenda chini kwa hiyo shina linaoga pande zote. Miti ya kivuli inaachwa pembeni. Azumino, Nagano, wao wako bondeni na wanatumia chemchemi, na wakati wa jua kali wanatandaza vitambaa vyeusi. Mwaka 2018 kilimo cha Shizuoka kiliingizwa na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) kwenye urithi wa kilimo duniani.

Mwaka mmoja hadi miwili mpaka kuvuna. Aina zinazosifiwa ni Mazuma na Daruma.

#54 Bwana Shamba Usambara
Maji yatembee kwa nini hasa? Kabichi haihitaji kijito.

#55 Msafiri wa Nagoya
Inasemwa mmea unatoa alili isothiosianeti udongoni na kujidumaza wenyewe. Maji yanaisomba. Ile ya shambani kavu inaota, ila shina linabaki dogo, inalimwa zaidi kwa majani na vikonyo vya kusindika.

#56 Haradali Nyeusi
Au ni oksijeni na ubaridi tu, na hiyo habari ya kujidumaza imetiwa chumvi. Maji yanayotembea yanaleta vyote vitatu, utavitenganisha vipi?

#57 Bi Figili
#52, kabla hujachimba: chukua kipimajoto, pima maji ya kijito saa nane mchana, Januari na Februari, si Julai. Yakivuka 18 siku nyingi mfululizo, shina litaoza na kuwa jeusi ndani, ugonjwa usiouona mpaka ukate. Pili, tazama juu ya kijito. Kama kuna mashamba ya viazi na kabichi yanayopuliziwa, dawa yote inashukia kwako. Viwavi wa kabichi nao watakufuata, ni ukoo uleule. Tatu, mbegu. Za wasabi hazivumilii kukauka, zinatunzwa zenye unyevu na kwenye baridi. Pakiti ya mbegu kavu ya mtandaoni ni pesa imetupwa. Miche kutoka nje inahitaji kibali cha mamlaka za afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya.

#58 Bwana Shamba Usambara
Nimekusoma. Naanza na kipimajoto.

#59 Juma Kikwangulio
Na mlonge je? Mzizi wake ukiukwaruza unanukia hivihivi. Waingereza kule India waliutumia badala ya hiyo figili yao.

#60 Fundi Maabara
Kweli, na mlonge ni wa oda moja na kabichi kwa mbali. Lakini magamba ya mzizi yana alkaloidi zenye sumu kwa mishipa ya fahamu. Majani kula, mzizi uache.

Ukitaka kitu cha hapa kilicho salama zaidi kwa kijiko kimoja, mbegu za papai. Mbichi, zilizooshwa ule ute, zisagwe papo hapo. Zina benzili isothiosianeti, inachoma kama haradali na kunusa kidogo kama wasabi. Uchungu upo, kwa hiyo robo kijiko cha chai kwenye mchuzi. Wajawazito waziepuke.

#61 Mama Tangawizi
Papai kwa sashimi. Mzee wa Kaunta njoo uone.

#62 Mzee wa Kaunta
Nimeona. Sijui niseme nini. Angalau asitie E133.

#63 Kisu Butu
Nirudi kwangu. Kesho najaribu hivi: maji baridi, bakuli dogo lililopinduliwa, dakika 8, nusu natia siki robo kijiko, nusu siitii. Kopo jipya kwa vyote viwili. Naonja kila nusu saa.

#64 Haradali Nyeusi
Ongeza la tatu, kopo la zamani bila siki. Sivyo Pweza Mkavu hatatuacha tulale.

#65 Fundi Maabara
Na uonje pamoja na samaki uleule. Mnofu wa tumbo wenye mafuta unameza ukali, mwekundu wa mgongo hauumezi. Ukionja moja kwa tumbo na jingine kwa mgongo umepima samaki, hukupima wasabi.

#66 Shemeji wa Muscat
Kabla uzi haujafungwa: hapa kuna duka linaleta vikonyo vya wasabi vyenye maua meupe. Vinapikwaje? Nimevichemsha, havina ladha yoyote.

#67 Msafiri wa Nagoya
Kuchemsha ndiko kulikoviua. Kata vipande vya sentimita 3 au 4, sugua kwa chumvi kidogo mpaka vilegee. Maji ya nyuzi 70 hadi 80, mwagia sekunde chache, chuja mara moja. Bado vina moto, tia ndani ya chupa yenye kifuniko, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha friji, usifungue mpaka vipoe. Ukifungua mapema unatoa mvuke wote usoni mwako. Mchuzi wa soya uingie baadaye.

#68 Shemeji wa Muscat
Bila kipimajoto nitajuaje nyuzi 80?

#69 Mama Tangawizi
Maji yaliyochemka vikombe vinne, ongeza kimoja kikubwa cha bomba. Kwa bomba za Muscat mwezi wa saba, ongeza kimoja na nusu.